Bomba la Pili

3 Februari

Kasuku wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. Mimi mzima, isipokuwa magoti, na hayo nimeyazoea kama majirani wabaya. Baba yako bado anakohoa lakini kazini haachi kwenda. Ukimwambia akapime kifua anakuangalia kama umemtukana. Mdogo wako amepata kazi ya kushona sare za shule, na sasa anatembea na utepe wa kupimia shingoni hata siku ya mapumziko, ili tumwone. Mtoto ameota meno mangapi? Mumeo mpe salamu, mwambie picha aliyotuma imemkata mtoto kichwa, atume nyingine.

Unajua kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu unaniambia, "Shangazi, niko maabara, nitakupigia," halafu kimya. Barua huwezi kuikata.

Sasa sikiliza. Mto wetu umeharibika. Yale mawe ya kufulia chini ya daraja, ulikokuwa ukikalia beseni lililopinduliwa na kunisomea vitabu vyako vya shule, bado tuko madobi tisa pale. Tangu mwezi wa kumi shuka za hospitali zinaingia majini nyeupe, zinatoka na rangi kama zimemwagiwa chai, na harufu ya ngozi mbichi. Nilidhani ni sabuni, nikabadilisha. Nikadhani ni mimi, nikamwachia mwenzangu afue. Zikatoka vilevile. Juzi muuguzi mkuu amenirudishia bunda zima: "Mama, mgonjwa hawezi kulalia hizi." Miaka ishirini na sita naifulia hospitali ile, sijawahi kurudishiwa hata foronya.

Na si shuka tu. Kisima cha mtaa kiko hatua thelathini kutoka mtoni. Watoto wa upande huu wana vipele miguuni na matumbo yasiyotulia.

Tulipanda juu wote tisa hadi kiwanda cha ngozi. Meneja alitupokea vizuri, viti, soda baridi. Kisha akafungua faili akatuonyesha cheti chenye muhuri: maji yanayotoka kiwandani yamepimwa, ni safi. "Mama zangu," akasema, "hii ni sayansi." Tukarudi na soda zetu tumboni.

Baba yako, ambaye kiwanda hicho kimemla miaka kumi na minane, ananiambia nimwache naye ale. Hatusemeshani tangu Jumapili.

Kupima maji ndiyo kazi yako. Nimekutumia chupa tatu kwa basi: moja ya juu ya kiwanda, moja ya chini yake, moja ya kisimani. Nipimie, uniambie.

Shangazi yako, Dobi


21 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimetubana. Mtoto ana meno manne na ameanza kuuma watu anaowapenda. Mume wangu anakusalimu, picha nyingine inakuja, yenye kichwa. Nimefurahi kusikia habari za mdogo wangu. Baba mwambie nitamtumia dawa ya kifua, na asiseme tena kwamba ni vumbi tu.

Chupa zilifika. Moja ilivuja njiani. Nyingine mbili zilikuwa na mabaki, ile ya kisimani nadhani ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Maabara haiwezi kupokea vitu vya namna hiyo, majibu yake hayawezi kusimama mahali popote. Kwa hiyo sikuzipima.

Shangazi, usinielewe vibaya. Mambo ya viwanda yana watu wake na taratibu zake. Umefanya kazi vya kutosha. Kwa nini usipumzike? Uje ukae nasi miezi miwili mitatu, mtoto akujue.

Chemsheni maji ya kisima.

Kasuku wako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa mwaliko. Sitakuja.

Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta ulipo ndani yake. Ulipokuwa mdogo ulikuwa husikii swali bila kulijibu, ndiyo maana tukakuita Kasuku. Sasa nimekuuliza jambo moja, ukanijibu kuhusu mafuta ya kupikia. Haya. Na maji yetu tumeyachemsha: yanaganda utando juu kama uji uliopoa.

Acha nikupe habari za hapa. Yule mwalimu wa sayansi aliyekufundisha kidato cha pili, amestaafu, anachoka kukaa nyumbani na mkewe anachoka zaidi. Alikuja mtoni akatuambia, "Meneja ana karatasi. Na nyinyi muwe na zenu." Basi kila asubuhi na kila jioni mmoja wetu anachota maji sehemu tatu, anayatia kwenye chupa ya kioo iliyooshwa, anabandika tarehe. Fundi baiskeli ametupa dirisha la duka lake, ameondoa minyororo na kengele zake zote. Sasa kuna safu za chupa tangu juu hadi chini. Za juu ya kiwanda zinapitisha mwanga. Za chini yake, mwanangu, huoni hata kidole nyuma yake. Watu wanasimama barabarani kuangalia. Watoto wa shule wanazihesabu.

Meneja alikuja mwenyewe, na gari, na shati limenyooshwa vizuri (pasi si yangu).

"Ondoeni hizo chupa. Mnaharibu jina la kampuni."

Fundi akasema, "Dirisha ni langu."

"Nyinyi mnajua kilichomo humo? Mna vipimo?"

Nikamwambia, "Hatujui. Wewe ndiye uliyetia. Kunywa moja utuambie."

Wacha watu wacheke. Aliondoka bila kufunga mlango wa gari vizuri.

Lakini swali lake si la kijinga, na ndilo lililoniamsha. Sikuombi tena unipimie. Nifundishe. Maji yanachotwaje ili majibu yake yasimame? Hilo tu. Kama nalo ni siri ya kazi, niambie hivyo kwa mwandiko wako.

Dobi


18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima.

Andika haya, au mpe mwalimu ayaandike. Tumieni chupa mpya, si iliyowahi kutiwa kitu. Mfamasia wa hospitali anaweza kuwauzia. Mchotaji avae glavu. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale ya mto, chini ya pale unapochota. Chota katikati ya mkondo, si ukingoni, mdomo wa chupa uelekee maji yanakotoka. Jaza mpaka juu, funga, bandika karatasi: mahali, saa, jina la aliyechota, majina ya mashahidi wawili. Weka kwenye kasha lenye barafu. Ifike maabara kabla ya siku kuisha.

Msichote Ijumaa. Wakaguzi huenda Ijumaa, na Ijumaa maji huwa mazuri. Chota Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, wanapomwaga mapipa ya mwisho wa wiki.

Msilete kwetu. Pelekeni maabara ya chuo kikuu, ni mbali zaidi, lakini pelekeni huko. Waombeni wapime kromiamu, dawa inayotumika kusindika ngozi. Mkitaja jina hilo hawatawauliza mara mbili.

Usiniulize nimejuaje habari za Ijumaa.

Mdogo wangu amenipigia. Anasema siku hizi unakula kwa kijiko hata chakula cha mkono, na ukiona mtu unaficha mikono chini ya kanga. Mikono yako ina nini?

Kasuku


30 Juni

Mwanangu,

Najua nimekaa kimya zaidi ya miezi miwili. Mdogo wako nilimkataza kukupigia. Sasa naweza kuandika.

Baba yako mzima, anakohoa, na tunasemeshana. Fundi baiskeli mzima. Mwalimu amepunguza uzito lakini mkewe anasema kumemfaa. Mikono yangu ni mikono.

Tulifanya kama ulivyoandika. Jumatatu ya kwanza tulichota pale bomba la kiwanda linapomwaga, lile lililochorwa kwenye cheti. Chuo kikuu wakajibu: maji ya kawaida, machafu kidogo. Mwalimu alikaa kwenye jiwe akashika kichwa. Nikasema haiwezekani, mto haujitii rangi wenyewe.

Kisha mtu mmoja akaniambia, "Mnachota pasipo. Pandeni hatua mia mbili, nyuma ya matete. Kuna bomba la pili." Mtu huyo hakuja nasi, na jina lake halitatoka mdomoni mwangu.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa pale alfajiri: mwalimu, mimi na mwenzangu mmoja wa mawe. Tukalikuta. Bomba nene kama kiuno changu, limefunikwa kwa matawi, linatema maji ya buluu yenye povu. Mwenzangu, ambaye haogopi kitu, alisema taratibu, "Ndiyo hii tumekuwa tukiwafulia wagonjwa." Tukachota chupa sita. Mlinzi wa kiwanda akatukuta tukiandika saa kwenye ya mwisho.

Kwa kifupi, nililala kituo cha polisi siku tatu. Mimi na mwalimu, kwa kuingia eneo la watu na kuchochea. Chupa walizitafuta kwenye mkoba wa mwalimu, wakatafuta kwenye matete. Hawakutafuta kwenye tenga la nguo zangu mbichi, maana nani atashika nguo za ndani za watu? Mwenzangu alijitwika tenga akapita mbele ya polisi akiwaamkia. Fundi akazipeleka chuo kikuu siku ileile.

Pale kituoni askari kijana akaniuliza, "Bibi, wewe na umri huu unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta maji ya kufulia, wewe unafuliwa wapi? Kesho yake akaniletea chai.

Majibu yamekuja. Kromiamu ni mara arobaini ya kiwango kinachoruhusiwa. Kamati ya mazingira imeitisha kikao cha wazi ukumbini, tarehe 14 Agosti. Kiwanda kitaleta cheti chake.

Sasa nikwambie nililokuficha. Siku ile ya soda, meneja alipoweka cheti mezani, wenzangu waliangalia muhuri. Mimi niliangalia sahihi. Herufi ya kwanza imekunjwa kama sikio, ya mwisho ina mkia unaorudi nyuma. Nilikufundisha kuandika mimi, kwa mkaa, ukutani, na mama yako akatugombeza wote wawili. Kwa hiyo nilijua kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nilikutumia zile chupa nikusikie utasema nini.

Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza utafanya nini.

Shangazi yako


11 Julai

Shangazi,

Nimeanza barua hii mara nyingi.

Ni sahihi yangu. Mwezi wa Novemba mwaka jana nilikuwa nimetoka likizo ya uzazi, mkataba wangu unaisha Desemba. Kiwanda kilileta chupa yenyewe, imefungwa, imebandikwa. Nikapima. Yalikuwa safi mno, Shangazi, yalikuwa na dawa ya bomba la mjini. Hakuna mto wenye klorini. Nilimwambia bosi. Nikaomba niende mwenyewe. Akaniruhusu, nadhani alifikiri nitaenda Ijumaa kama wengine. Nilikwenda Jumatatu, nikachota chini ya daraja, saa ambayo hamjafika. Nikaona mawe yenu. Sikupita nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilikuwa hatua mia kutoka mlangoni kwako na sikupita.

Majibu yalikuwa kama yenu. Niliyaandika, nikaweka sahihi, nikampelekea. Aliyaweka kwenye droo. Akasukuma mbele yangu karatasi ya kwanza, ile ya chupa yao, akasema, "Hii ndiyo aliyolipia mteja. Ulichopima ndicho kilichokuwa kwenye chupa, hujasema uongo." Nikaiwekea sahihi. Kila siku tangu hapo nimejiambia maneno yale, sikusema uongo. Nilijua nasaini nini.

Nakala ya yale majibu ya kwangu ninayo. Niliitoa siku ileile kabla ya kumpelekea, sijui hata kwa nini.

Nimeandika barua ya kuacha kazi mara mbili, nikaichana. Sijui kama nitaweza, Shangazi. Usinisubiri.

Najua aliyewaonyesha bomba la pili. Mwambie anywe ile dawa ya kifua.


19 Julai

Mwanangu,

Sikupi pole, utajipa mwenyewe.

Usiache kazi. Umenisikia? Ukiacha watasema uliondoka kwa hiari, msichana mwenye mtoto mchanga, alichoka. Waache wakufukuze, ili walazimike kuandika sababu.

Nakala itume kwa mwenyekiti wa kamati, kwa rejesta, na nyingine kwa mwalimu. Usinitumie mimi, nitasemwa nimeighushi.

Na kuhusu kutopita nyumbani: siku utakapopita, utakuta chai. Hilo limekwisha.

Umeuliza mikono. Ngozi imechubuka hadi kwenye viwiko, vidonda havifungi. Daktari amenikataza kufua. Hospitali ileile iliyonirudishia shuka. Tangu Mei sijafua hata leso, nakaa kwenye mawe nawahesabia wenzangu. Sasa unajua, tumalize kuulizana.

Shangazi


22 Agosti

Kasuku wangu,

Bahasha yako ilifika siku mbili kabla ya kikao. Mdogo wako anakusalimu, alifunga kazi siku hiyo na kuja na mafundi wenzake wote, watu kumi na moja wenye sindano kwenye kola. Ukumbi ulijaa hadi madirishani.

Kiwanda kilileta mwanasheria mrefu, mwenye sauti tamu. Alionyesha cheti. Mwenyekiti wa kamati naye akatoa karatasi yako, akazishika zote mbili juu, moja kila mkono, akauliza, "Mtaalamu mmoja, mwezi mmoja, majibu mawili. Tuamini lipi?" Mwanasheria akasema nakala ile imeibwa, na tena hakuna bomba la pili, pale kuna mfereji wa zamani wa maji ya mvua.

Ndipo baba yako aliposimama.

Sikujua kama yumo. Alikuwa nyuma kabisa, na koti lake la kazi, lenye nembo ya kiwanda kifuani. Alikohoa kwanza, wajua anavyokohoa, ukumbi mzima ukamgeukia. Akasema:

"Mfereji wa mvua sikuchimba. Nilichimba bomba. Mimi na wenzangu wanne, siku tisa, na meneja huyu alitusimamia na mwavuli. Tuliambiwa la dharura. Limekuwa wazi tangu mwezi wa kumi."

Mwanasheria akamuuliza, "Mzee, unajua unaongea mbele ya mwajiri wako?"

Akajibu, "Ndiyo. Nimevaa koti lake ili anione vizuri."

Mwanangu, huyu ni mdogo wangu. Nimemlea, nimemfulia nepi, nimegombana naye miaka hamsini. Sikujua kama ana maneno hayo. Alipokaa chini nikaenda nikakaa naye.

Kamati imeamuru bomba la pili lizibwe kwa zege, na limezibwa, nimeenda kulishika. Kiwanda hakiruhusiwi kusindika ngozi mpaka kijenge mabwawa ya kusafishia maji. Kisima chetu kimefungwa, gari la maji linakuja mara mbili kwa wiki, halitoshi, tunalipigia kelele. Baba yako amefukuzwa kazi. Anashinda mtoni akitoa matope kwenye mawe, bila kuagizwa, na kikohozi kimepungua, sithubutu kumwambia.

Lakini wamekata rufaa. Kikao ni tarehe 16 Septemba, saa nne asubuhi. Wanasema karatasi bila mwenye karatasi ni takataka. Mwenyekiti amesema wazi: bila wewe kusimama pale na kuapa, ya kwako itatupwa, na zile chupa sita watazipinga kwa sababu tulikamatwa tukizichota eneo lao.

Sikubembelezi.

Dobi


5 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto anatembea, hatua saba kisha anakaa na kujipigia makofi. Mwambie baba.

Nilisimamishwa kazi wiki moja baada ya kikao. Jana bosi aliniita. Kulikuwa na biskuti mezani, nikajua kuna jambo. Alikuwa na barua mbili zimeshachapwa. Moja inanirudisha kazini na kunipandisha cheo, nikikubali kuandika kwamba nilichanganya chupa. Nyingine inanifukuza.

Akasema, "Wewe ni mama sasa. Fikiria mtoto."

Nilimwambia kuna watoto wa mtaa mmoja wana vipele miguuni, nami nilijua chanzo chake tangu Novemba, na mtoto wangu atakapokua ataniuliza nilikuwa wapi. Kisha nikavuta ile barua ya pili na kumwomba aiandike upya. Ilikuwa inasema nimefukuzwa kwa "sababu za kiutawala". Nikamwambia sitaipokea hivyo, aandike sababu yenyewe. Tulikaa pale karibu saa nzima. Alipiga simu mara tatu. Mwisho akaandika kwa mkono wake: "kwa kutoa nje majibu halali ya vipimo vya mteja." Aliliandika mwenyewe neno halali, Shangazi, kwa hasira, bila kufikiri. Nikamshukuru, nikachukua na biskuti moja ya mtoto.

Barua hiyo ninakuja nayo.

Mume wangu anaogopa, mimi pia naogopa. Mwanasheria wao atanirarua kwa ile sahihi ya kwanza, na atakuwa na haki. Nitamjibu kwamba ndiyo, niliiweka, na nitaeleza kwa nini, mbele ya watu wote, mbele yako na mbele ya baba. Wakitaka kunishtaki kwa hiyo wanishtaki. Lakini wataisikia ile nyingine.

Tunapanda basi la kwanza siku ya kikao, sote watatu. Usije kutupokea kituoni. Nenda ukumbini mapema, ukae safu ya mbele, uweke mikono yako juu ya meza, bila kanga.